Si Ukungu, Rukia

Rukia wangu,

Sikuulizi kama hujambo, maana uko hapo nje ya dirisha na nakusikia. Umekaa kwenye kigoda cha jirani yetu Mama Shekue, anakusuka, mnabishana.

"Tulia wewe. Kichwa kinakwenda huku na huku kama cha kuku aliyeona kunguru."

"Unanivuta mpaka fikra, Mama Shekue."

"Zivutike. Ukifika Moshi watajua umetoka kwa watu."

Unacheka. Tangu kabla ya Idi sijakusikia ukicheka hivyo, na mimi humu ndani nimeshika kalamu ya wino mzito, ile baba yako aliyoandikia jina kwenye begi lako, naandika herufi kubwa kama za darasa la kwanza ili jicho lako la kushoto lisihangaike. Kurasa zitakuwa nyingi. Usidhani nimekuwa msemaji. Ni herufi tu zimenenepa.

Mdogo wako amelala ubavuni kwangu. Akiamka nitaacha, nitamnyonyesha, nitarudi. Ukikuta mahali mwandiko umeyumba, ujue nilikuwa naandika kwa mkono mmoja.

Mambo ya dawa za matone, ya miwani ya jua, ya kutokaa karibu na moshi, nimemwambia kwa simu mama yako mkubwa atakayekupokea Moshi mpaka akaniuliza, "Ashura, wanionaje, mimi kiziwi?" Hayo siyaandiki. Naandika jambo moja nililoshindwa kulisema. Kila nikilikaribia, mdomo unatoa jambo jingine. Jana nilikuita, ukaja, ukakaa, ukanitazama kwa jicho moja, nikakuuliza kama umekula. Ukasema, "Mama, si tumekula wote?" Nikasema nimesahau.

Jambo lenyewe ni hili. Nilikwambia weupe ulio kwenye jicho lako la kulia ni ukungu, na kwamba utatoka, kama unavyotoka kwenye kioo cha kabati nikishapika na kupangusa. Nimekwambia hivyo asubuhi na jioni tangu tulipotoka hospitali. Sasa wewe ndiye unayewaambia watu. Juzi mwalimu wako wa sayansi alipokuja kukuaga ulimwambia, umejaa furaha, "Mama kasema ni ukungu tu." Mwalimu akanitazama. Nikainuka, nikaenda kuangalia chai ambayo sikuwa nimeibandika jikoni.

Si ukungu, Rukia.

Nimeandika. Nimeandika, na sitafuta. Sasa nipe nafasi nieleze, nianzie mbali kidogo. Sikwepi. Nataka ujue nilivyofika kwenye uongo huo, maana sikuanza kwa kukudanganya wewe. Nilianza kwa kujidanganya mwenyewe kuhusu gunia la mawe.

Unakumbuka ile jioni, kabla ya Ramadhani, umelala kifudifudi kwenye mkeka na daftari lako, mimi niko kwenye mbuzi nakuna nazi za kashata za kuuza kesho yake kwenye geti la shule. Ukaniuliza nikutajie mabadiliko ya kiumbo.

"Yapi hayo?"

"Kitu kinabadilika sura lakini ni kile kile. Barafu ikiyeyuka. Chumvi ikiingia kwenye maji. Halafu kuna ya kikemikali, hapo kinazaliwa kitu kingine. Karatasi ikiungua. Msumari ukila kutu."

Nikakwambia hiyo rahisi. Kikiweza kurudi kilivyokuwa ni cha kwanza, kisipoweza ni cha pili.

"Hata. Mwalimu kasema kurudi si kipimo."

"Mwalimu wako amewahi kupika kashata?"

Ukacheka, ukajivuta mpaka karibu na sinia langu. "Haya, hii nazi itarudi kwenye kifuu?"

"Haiwezi."

"Kwa hiyo imekuwa kitu kingine?"

Nikaendelea kukuna. Ukachota chembe, ukatia mdomoni, ukatafuna kwa madaha kama hakimu. "Nazi," ukasema, ukarudi kwenye daftari lako.

Wakati huo sukari ilikuwa jikoni. Ilikuwa imeshayeyuka vizuri, inang'aa, na mimi kwa kubishana na wewe nikaisahau ikawa nyekundu, ikawa nyeusi, ikatoa ule moshi unaokereketa koo. Nikaiepua mbio. Ukainua pua. "Na hiyo, mama? Kiumbo au kikemikali?" Nikakurushia mwiko, haukukupata. Nilijaribu kuiokoa kwa kuongeza sukari nyingine juu yake, kama nilivyokuwa nafanya zamani nilipoanza biashara, nikaipoteza na ile ya pili. Sukari iliyoungua haikumbuki kwamba iliwahi kuwa sukari. Ukiiongezea nzuri, inaifundisha uchungu.

Kuna jambo la usiku ule sikukuambia. Nilipopata mimba yako nilikuwa kidato cha pili, na bibi yako, kule Kigombe, alikuwa ananikunia nazi ya futari siku nilipomwambia. Hakunipiga. Hakuacha hata kukuna. Alisema tu, "Nazi ikishakunwa hairudi kifuuni," akaendelea. Neno hilo nimeishi nalo umri wako wote. Nikikutana na niliosoma nao nabadilisha njia. Mmoja sasa ni mwalimu huko Nguvumali. Aliwahi kunisimamisha sokoni, akaniita jina langu la shuleni, nikajifanya si mimi. Niliamini nimekuwa kitu kingine. Watu si wanasema, binti kaharibika? Basi nilijihesabu hivyo, kilichoharibika, na nikakulea kwa huruma ya mtu anayelea kitu kizuri ndani ya nyumba mbovu.

Halafu wewe ukatafuna chembe ukasema, "Nazi."

Nililala mwepesi siku ile. Nilisema moyoni, kumbe hairudi kifuuni na bado ni nazi. Nilijua ninachojua, nikaridhika. Sikufika upande wa pili wa somo lako. Sikujiuliza kama kuna kitu kinachoweza kubaki na sura yake ile ile, ukikitazama unaapa ni kile kile, na kumbe ndani kimeshakuwa kingine.

Mdogo wako aliamka. Nimerudi. Mama Shekue sasa anakusimulia habari za mkwewe, na wewe unamwambia, "Lakini Mama Shekue na wewe si ulianza?" Mtoto una mdomo.

Unajua desturi yetu hapa Pongwe, na huko Moshi watakuuliza, kwa hiyo nikuandikie. Ramadhani ikielekea ukingoni, kila mwenye mtu wake kwenye matanuri ya chokaa huletewa mawe yaliyochomwa, akayazima kwa maji, akapaka nyumba iwe nyeupe siku ya Idi. Baba yako huleta nusu gunia kila mwaka. Umeyaona tangu hujaanza kutembea. Jiwe linaingia tanurini la kijivu, zito, linatoka jeupe, jepesi, na kona zake zile zile. Ukilishika unasema ni jiwe lile lile, limekonda. Baba yako huliweka kwenye pipa la maji uani, awafukuze watoto, na pipa linachemka bila kuni mpaka maji yanarukaruka.

Kwamba linachemka, nilijua. Kwa nini linachemka, sikuwahi kumuuliza mtu. Nilijipa jibu mwenyewe. Nilisema ni joto la tanuri limejificha ndani ya jiwe, kama joto linavyojificha kwenye chungu ulichoepua; ukikimwagia maji kinachacharika. Na kama ni joto lililojificha, basi ukiliacha jiwe siku kadhaa litapoa, na likipoa ni jiwe tu la kawaida. Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo, na niliitumia juu yako.

Baba yako aliliacha gunia barazani, akasema lisiguswe na maji, akaenda kazini. Alasiri mawingu yakafunga. Mimi na tumbo langu lile kubwa nikakuita tulivute tuliingize banda la jiko. Ukasimama.

"Mama, paa la jiko linavuja."

"Vuta."

"Baba kasema maji."

"Limeshapoa, Rukia. Limetoka tanurini tangu wiki iliyopita. Ona." Nikatia mkono wangu guniani, nikautoa, nikakushika nao shavuni. "Baridi au si baridi?"

Ukasema baridi.

Kwa hiyo tukaliweka pale, kando ya mafiga, chini ya lile bati lenye tundu, na mimi nikaendelea na mihogo ya futari. Mvua ilipokuja ilikuja kwa kelele, hatukusikia matone. Nilichoona ni gunia linafuka. Nikadhani kaa la moto limerukia pale. Nani angedhani jingine? Gunia liko kando ya moto, gunia linafuka. Nilikuwa nimekaa chini siwezi kuinuka upesi, nikakupigia kelele umwage maji. Ndoo ilikuwa mlangoni. Ulikuwa mtoto msikivu maisha yako yote, na siku ile pia ulikuwa msikivu.

Sitaandika mlipuko ulivyokuwa. Wewe ulikuwepo.

Ninachotaka kuandika ni kilichofuata, kwa sababu hapo ndipo nilipokosa kwa mara ya pili, na kosa la pili ndilo lililokula jicho. Mama Shekue alisikia ukilia, akaingia na ndoo ya maji ya mvua, anasema mwinamishe, mwinamishe nimwoshe. Na mimi, ambaye dakika ile ile nilikuwa nimeelewa kwamba ni maji yaliyowasha lile gunia, niliisukuma ndoo ile kwa mguu. Ikamwagika yote. "Usimtie maji," nilisema, "maji ndiyo yaliyowasha." Akasema, "Mama Rukia, mtoto anaungua." Nikasema, "Ndiyo maana." Nikakufuta kwa kanga, nikakutia mafuta ya nazi, kama tunavyotia mtu aliyebabuka kwa uji. Nilikukumbatia huku umefumba, na chokaa iko ndani ya kope zako inaendelea na kazi yake, na mimi nakwambia pole, pole, itapoa.

Pale zahanati nesi alikuwa binti mdogo, pengine mdogo kuliko mimi. Aliuliza jambo moja tu, "Mmemwosha?" Nikamweleza kwa nini hatukukuosha. Hakunigombeza. Alikulaza, akafungua chupa ya maji ya dripu, akaanza kumimina jichoni, ikiisha anafungua nyingine, huku na huku, mpaka sakafu nzima ikalowa na ndala zangu zikaelea. Akiwa anamimina akasema bila kunitazama, "Chembe mbili jichoni si gunia, mama. Gunia linapata maji kidogo linawaka. Jicho lilihitaji maji mengi, yachukue kila kitu yaende nacho." Nikasema nimeelewa. Alisema tena kwa upole, "Mngemwosha hapo hapo." Nadhani hakujua kama amelisema kwa sauti.

Rukia, wewe hujawahi kunilaumu. Nimekaa nikisubiri unilaumu kama mtu anavyosubiri mvua ipige ili aache kuangalia mawingu. Hata siku moja. Ungenitukana ningepumzika.

Nilimuuliza baba yako, baadaye, mambo ambayo ningemuuliza zamani. Unajua siku hizi hasemi sana. Nyumba haijapakwa mpaka leo, mawe yaliyobaki aliyapeleka mbali usiku ule ule. Alinieleza akiwa ametazama mikono yake. Alisema jiwe likiingia tanurini moto unalitoa pumzi, kuna hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake inakwenda zake na ule moshi. Kinachobaki si jiwe tena ingawa kina sura ya jiwe. Ni kitu chenye kiu, akasema. Kikae mwaka, kiwe baridi kama kaburi, kikipata maji kitawaka, kwa sababu moto hauko ndani yake. Moto unazaliwa pale kinapokutana na maji na kugeuka kuwa kingine tena. Nikamuuliza, na ukutani je? Akasema ukutani kinavuta hewa taratibu, miaka na miaka, kinarudi kuwa jiwe.

"Kinarudi?" nikasema.

"Kinarudi. Zile kuta za magofu ya wazee si umeziona? Msumari haupiti."

Nilishika neno hilo, mwanangu, kama mtu anayezama anavyoshika unyasi. Kumbe mwalimu wako alisema kweli, kurudi si kipimo. Kuna kitu hakirudi na bado ni kile kile, na kuna kitu kimegeuka kuwa kingine kabisa na bado kina njia ya kurudi. Nikasema, basi. Kama jiwe lililochomwa mpaka likatokwa na pumzi linarudi kuwa jiwe, jicho la mtoto wangu linashindwaje? Niliswali juu ya hilo. Nilikaa nikiomba kwa maneno yale yale mpaka kinywa kikakauka, na nilipokwenda kliniki ya macho, kidonda nilichopasuliwa kumzaa mdogo wako bado kinanivuta, nilikuwa na swali langu moja.

Wewe ulikuwa umekaa nje na baba yako. Daktari alikuwa ameshakupima. Nikamuuliza, ule weupe ni kama ukungu kwenye kioo au ni kioo chenyewe? Nikamweleza mambo ya chokaa na ukuta. Mtu mwingine angenicheka. Yeye alivuta kiti.

Alisema, "Mama, weupe una namna mbili, na mtoto wako anazo zote mbili. Kuna kioo cha jicho kilichovimba, kimenywa maji, kimefifia. Hicho bado ni kioo. Uvimbe ukishuka kitaona. Na kuna kioo kilichopikwa. Hicho si kioo tena."

Nikauliza lipi ni lipi.

"La kushoto ni uvimbe, sehemu kubwa, na kovu dogo pembeni. La kulia limepikwa."

"Halirudi?"

"Halirudi lenyewe. Madaktari wakubwa huko Moshi huwa wanaweza kuweka kioo kingine, cha mtu aliyefariki. Lakini jicho lililounguzwa na chokaa mara nyingi halikipokei. Siwezi kukuahidi, na nisingependa umwahidi mtoto."

Halafu akasema lililo kubwa zaidi, na hili ulisome mara mbili hata kama jicho limechoka. Alisema lile kovu dogo la kushoto linatambaa. Likiachwa, kidogo kidogo litatoka pembeni lifike katikati, na likifika katikati hutaona kwa jicho lolote. Ndiyo maana unakwenda. Hatukupeleki kwa ajili ya la kulia, kama nilivyokuacha uamini. Tunakupeleka kwa ajili ya hilo unalosomea maneno haya. Wanataka wawe wanakuangalia kila wakati, wiki kwa wiki, pengine mwaka, pengine zaidi, na hapa hakuna wa kuifanya kazi hiyo.

Nilitoka mlango ule nimejipanga kukuambia. Ulikuwa umekaa kwenye benchi unachezea kamba ya miwani, ukauliza, "Kasemaje?" Nikasema, "Kasema ni ukungu." Baba yako aligeuza uso. Tulipanda gari, na njia nzima ulikuwa unaniuliza ukungu huo utaanza kutoka upande gani.

Nimejiuliza kwa nini. Nilijiambia ni huruma, mtoto asafiri na moyo mzima. Halafu asubuhi moja nikawa nakuchemshia yai. Nilikuwa nimelipasua kidogo bila kujua, na ute ukawa unachungulia kwenye ufa, na kwa macho yangu nikauona unatoka kwenye uangavu, unaingia kwenye weupe. Haukuchukua muda. Nililiepua, nikalitumbukiza kwenye maji ya baridi. Nililiacha humo. Nililiangalia kama mjinga, nasubiri. Wewe ukaja ukasema una njaa, ukalimenya, ukalila na chumvi, ukaniambia leo limeiva vizuri.

Pale ndipo nilipojua kwamba mimi ndiye nilikuwa nimesimama juu ya sufuria nikisubiri yai liwe bichi, na kwamba nilikuwa nimekusimamisha wewe pembeni yangu usubiri pamoja nami. Na mtu anayesubiri hivyo hatibiwi. Hilo ndilo linalonitoa usingizi. Utafika Moshi, watakutia dawa kwenye la kushoto, na wewe kila asubuhi utafumba la kushoto na kujaribu la kulia. Mwezi utapita, ni jeupe. Wa pili, ni jeupe. Utaniambia kwenye simu, "Mama, ukungu bado." Siku moja daktari wa watu, hakujui, ana wagonjwa wengi, atakwambia kwa haraka akiwa anaandika. Utaona kila mtu alijua isipokuwa wewe. Utasema dawa zao ni bure, nirudisheni nyumbani. Na nakujua ulivyo mkaidi, nilikuzaa. Ukirudi, kovu litaendelea kutembea, na safari hii sitakuwa na gunia la kulisingizia.

Kwa hiyo nakuomba, lililopikwa tuliache. Ulililie, na mimi nitalilia, nimeshaanza. Ila usilipe hata tone moja la tumaini ambalo la kushoto linalihitaji. Wakikuuliza huko unataka jicho lipi litazamwe kwanza, onyesha hili. Wakisema dawa inauma, ni hili linauma kwa sababu bado liko hai. Usiku ukilia, mama yako mkubwa atakuja. Nimemwambia asikwambie nyamaza.

Najua utakavyouliza, maana wewe huachi jambo. Utauliza, na mimi je, Rukia mwenyewe, nitakuwa nimegeuka kitu kingine? Sijui kukujibu kwa maneno ya daftari. Najua utaangusha vikombe kwa sababu hutajua viko umbali gani. Najua watoto wa shule mpya watakutazama, na mmoja atasema neno. Nisingependa kukudanganya tena kwamba hutabadilika. Utabadilika sana, na hutarudi kifuuni. Lakini nilikusikia dakika hii ukimwambia mtu mzima kwamba ndiye aliyeanza ugomvi na mkwewe, na yeye akacheka mpaka akaachia msuko. Nimekutafuna, mwanangu. Bado ni wewe.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuitia chini ya nguo zako, uikute huko, nikiwa mbali na uso wako. Nimeandika kurasa hizi zote nikiwa na mpango huo. Sasa nimefika mwisho naona ule haukuwa mpango, ulikuwa woga tu umejitanda kanga ya huruma. Sitaitia begini. Mama Shekue amesema amebakiza misuko miwili. Ukiingia nitakupa mkononi, na nitakaa hapa kitandani mbele yako mpaka uimalize, hata ikichukua mpaka magharibi, hata mdogo wako akilia.

Utalia. Utasema nilikudanganya, na ni kweli nilikudanganya. Huenda ukasema huendi popote. Hapo sasa nisikilize vizuri, maana nimeomba radhi kwa mengi lakini kwa hili sitaomba. Kesho asubuhi utapanda basi na baba yako. Utapanda ukilia, utapanda umenuna, utapanda umekigeuzia uso kiti cha mbele usitake hata kuniaga, na mimi nitabeba begi lako mpaka mlangoni mwa basi na kidonda changu hiki. Nichukie, Rukia. Nichukie kadiri ya moyo wako, mwaka mzima, miaka. Ila ukija kunichukia, nichukie ukiwa unaniona.

Mama yako,
Ashura